Neno Lililopigiliwa Mlangoni

Mdomo hauna komeo. Mlango una komeo, dirisha lina nondo, hata chungu kina mfuniko wake. Mdomo una meno tu, na meno hayajawahi kumzuia mtu kutoa neno la kumponza. Nayasema haya mapema ili msije mkaniuliza baadaye kosa la Siwema lilikuwa nini. Kosa lake lilikuwa neno moja, na neno lenyewe hata nyinyi mmelisema leo asubuhi.

Alikuwa uani anakuna nazi. Mikono imejaa nazi, jua limemkalia kisogoni, na katika chumba cha ndani mama yake, Bi Mafunda, alikuwa kitandani akikohoa kikohozi chake cha kila siku. Mlangoni ikasikika sauti ya mwanamume: "Hodi." Siwema akajibu, "Karibu." Hakuinua uso wala hakuuliza ni nani. Nani kati yetu anayeuliza? Mtu akipiga hodi unamkaribisha kwanza, halafu ndiyo unafuta mikono ukatazame umemkaribisha nani. Ndivyo tulivyolelewa, na tumejisifia malezi hayo mpaka tumesahau kuyaogopa.

Alipoingia ukumbini alimkuta mtu ameketi kwenye kiti cha marehemu mume wake. Si mzee, si kijana. Uso wake ulikuwa wa mtu uliyewahi kumwona mahali fulani, lakini ukijaribu kupakumbuka mahali penyewe unaishia kuukumbuka uso wako mwenyewe. Viatu alikuwa amevua, kavipanga vizuri chini ya kiti, ncha zikielekea ndani ya nyumba. Katika mji ule viatu vya mgeni huelekezwa mlangoni, kwa sababu mgeni ni mtu wa kuondoka. Siwema aliviona vile viatu, moyo ukamdunda, akaunyamazisha kwa adabu.

"Karibu sana," akasema tena, na hilo likawa kosa la pili.

"Ahsante, mama. Nimeshakaribia."

Akampa maji, akampa chakula, akamtandikia. Jina hakumuuliza. Kumuuliza mgeni jina kabla ya siku ya tatu, kwa watu wa mji ule, ni sawa na kumwonyesha njia ya kurudi alikotoka. Mji wenyewe sitautaja. Una majina mengi, kila aliyewahi kuutawala aliacha lake, na ukitaja moja unakuwa umeshachagua upande. Mimi bado nina watoto wa kulea.

Siku ya pili haikuja kama siku zinavyokuja. Siwema aliamka akakuta jua limekwisha panda, ukumbi umefagiwa, na kile kiti kimehamishwa kutoka pembeni hadi katikati. Nje ilisikika nyundo. Akatoka. Mgeni alikuwa amesimama juu ya kinu chake Siwema, kinu cha kutwangia, anapigilia kibao cha bati juu ya mlango. Kibao kilikuwa na neno moja la Kiingereza, herufi nne tu: HOST.

"Ni nini hicho, baba?"

"Neno tu, mama. Neno la kwetu. Nimezoea kulala chini yake, lisipokuwepo sipati usingizi."

Siwema alitaka kusema kitoe. Nataka lieleweke hilo, maana baadaye wako waliosema aliridhia. Alitaka, lakini majirani walikuwa wamesimama wanatazama, na mgeni hagombezwi mbele za watu. Akarudi uani. Neno aliloshindwa kulisema likabaki kooni siku nzima kama mwiba wa samaki.

Adhuhuri jirani mmoja akapita, akamsalimu yule mtu aliyekaa kizingitini: "Hujambo, bwana? Mgeni wako anaendeleaje?" Na kwa kidevu akamwonyesha Siwema, aliyesimama nyuma yake ukumbini. Siwema akacheka akidhani ni utani. Hakuna aliyecheka naye. Jioni Bi Mafunda akaomba maji. Siwema alikuwa pale pale kando ya kitanda, kikombe mkononi, lakini macho ya yule bibi kizee yalimpita yakaenda hadi mlangoni alikosimama yule mwanamume. "Mwenye nyumba," mama akasema, "nisaidie maji." Hapo Siwema aliogopa. Sisemi alishangaa. Aliogopa mpaka akakaa chini sakafuni, maji yakamwagika, na moyoni akaanza kujihoji.

Nilisema karibu. Nani alisema? Mimi. Mimi nani? Mwenye nyumba. Nani shahidi? Mdomo uliosema karibu. Na sasa hivi akija mtu akapiga hodi, nani atajibu? Yeye yuko karibu na mlango kuliko mimi. Kitovu changu kimezikwa uani, chini ya mlimao. Lakini kitovu hakijibu hodi. Kuta hazijibu. Mume wangu angejibu, naye yuko chini ya ardhi. Nilisema karibu. Kumbe neno hilo halimaanishi ingia tu. Lina maana pia ya kitu kisicho mbali. Nilimwambia: sogea. Naye amesogea. Amesogea mpaka ameketi ndani yangu.

Jioni ile ile kesi ikafika kwa Bi Mize, mkuu wa mtaa, mwanamke mfupi asiyependa kurudia maneno. Alisimama mbele ya nyumba akakitazama kibao, akamtazama mwanamume, akamtazama Siwema.

"Wawili mnadai nyumba moja," akasema. "Yeye anasema neno lake lina maana ya mwenye kukaribisha, na lipo mlangoni. Wewe una nini?"

"Nina nyumba."

"Nyumba haisemi, Siwema."

Basi ikatumika kanuni ya mji. Neno likigombaniwa huulizwa asili yake. Haiulizwi leo linamaanisha nini, wala mwenye kuliandika alikusudia nini. Huulizwa limetoka wapi, limezaliwa na nani, na huko kwao liliitwaje. Watu wa pale hupenda kusema kwamba mtu hudanganya lakini asili haidanganyi. Mimi, kwa maoni yangu yasiyoombwa na mtu, naona asili hudanganya vizuri kuliko watu, kwa sababu imekwisha kufa na hakuna wa kuihoji. Lakini kanuni ni kanuni.

"Kesho jua likipinda tutakaa mlangoni kwa..." Bi Mize akasita. "Mlangoni pale. Asili ya neno ikiwa ni mwenyeji, nyumba ni yake, nawe utakaa kwa hisani yake. Ikiwa ni mgeni, kibao kinashuka, na yeye atakaa kwa hisani yako au ashike njia."

"Na mama yangu?"

"Mama yako atakuwa mama wa mwenye nyumba, vyovyote vile," Bi Mize akasema, akaondoka.

Asubuhi ya siku ya tatu Siwema alijifunga kanga mbili akaenda kumtafuta shemeji yake. Pandu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, mkalimani wa mahakama kwa miaka mingi, mtu mwenye lugha nyingi na makazi machache. Tangu aachishwe kazi alikuwa amepanga chumba katika gesti moja mwanzo wa mtaa mrefu. Siwema alisimama nje ya gesti ile kanga ikimfunika hadi puani. Mnajua wenyewe watu husema nini wakimwona mjane asubuhi mlangoni pa gesti.

"Shemeji," Pandu akasema, akitoka anapiga miayo, "leo umenikumbuka. Au umekuja nikurithi?"

"Ukinirithi mimi utarithi na kesi. Nataka asili ya neno."

Akamweleza. Pandu alisikiliza akijikuna shavu, na alipolisikia neno lenyewe akatabasamu kidogo, upesi mno kwa mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza katika shauri hilo. Siwema akaliona tabasamu lile, akaliweka akiba.

"Asili haielezwi mtu akiwa amesimama," Pandu akasema. "Tutembee."

Mtaa ule ulikuwa umenyooka, na nyumba zake kubwa zilikuwa chache, zimeachana. Siwema alikuwa ameupita mara nyingi na hakuwahi kuona lolote la ajabu. Siku ile aliona. Kila walivyosonga mbele, ndivyo siku ilivyokuwa inarudi nyuma. Vivuli vilirefuka kuelekea upande usio wake. Mtu aliyekutana nao akisukuma baiskeli alikuwa, walipogeuka kumtazama, amebeba mzigo mgongoni, na baada ya hatua chache hata mzigo haukuwepo, alikuwa mtu tu anayetembea. Siwema alimshika shemeji yake mkono wa shati.

"Usiogope. Hivi ndivyo maneno yanavyoishi," Pandu akasema. "Sisi tunaishi kwenda mbele, na anayeyafuata maneno lazima arudi. Tuanze hapo hapo tulipotoka. Gesti. Unajua ni nini?"

"Nani asiyejua gesti?"

"Gesti unaijua, neno hulijui. Sisi tumelichukua kwa Waingereza. Wao walikuwa nalo tangu zamani, na watu wa kaskazini, watu wa baridi na ndevu, wakaja wakalikaza kwa matamshi yao. Kwa watu hao lilikuwa *gestr*. Mgeni. Mtu aliyekuja akalala."

Siwema akahisi pumzi inamrudia. "Basi nimeshinda. Mgeni."

"Mlangoni kwako hakukuandikwa hilo. Kumeandikwa ndugu yake."

Wakafika kwenye hoteli, ile ya chai na chapati. Pandu akaketi bila kuulizwa, akaagiza bila kuuliza, na akaanza kula. Ukutani palikuwa na bei zilizoandikwa kwa chaki, nazo zilikuwa zinafifia huku Siwema akizitazama. "Hoteli," Pandu akasema, mdomo umejaa. "Hosteli nayo. Na hilo la kwenye kibao. Yote haya yalipita kwa Wafaransa kabla ya kufika kwa Mwingereza. Mfaransa huiandika ile h ya mwanzo lakini haitamki. Neno huingia kimya kimya. Halafu sikiliza jambo la kuchekesha. Kwa Mfaransa, hata leo, anayekaribisha na anayekaribishwa wanaitwa kwa neno moja."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Sasa wanajuaje nani ni nani?"

"Wanatazama nani anakula," Pandu akasema, akachukua chapati ya Siwema.

Utani mzuri, ningecheka mimi. Siwema hakucheka. Alikuwa akiwaza juu ya mwanamume aliyekaa katikati ya ukumbi wake, anayekula wali wake kwa mkono wake, na kwa mara ya kwanza alijiuliza kama alikuwa anakula kama mgeni au kama mtu anayeonja chakula cha mpishi wake. Alijaribu kuukumbuka ule mkono ukienda mdomoni. Hakuweza. Alichokumbuka ni mkono wake yeye mwenyewe ukimmiminia maji, ukiwa umeinama chini, na kichwa nacho kimeinama. Kutoka mbali, kwa mtu asiyejua, picha ile ingekuwa ya nani akimhudumia nani? Adabu ya mwenyeji na utumishi wa mtumwa vina mgongo mmoja ulioinama. Wazo hilo lilimchukiza, akasimama kabla shemeji yake hajamaliza.

Nyumba iliyofuata ilikuwa hospitali. Hapo siku ilikuwa imerudi nyuma sana. Wagonjwa walilala barazani juu ya majani makavu, wauguzi walivaa majoho mazito, na juu ya lango palikuwa na herufi zilizochongwa kwenye jiwe. Hakuna aliyewauliza wametoka wapi. Pandu alikuwa amepunguza sauti.

"Warumi," akasema. "Hapa ndipo lilipokaa muda mrefu. *Hospes*: mwenyeji. *Hospes*: mgeni. Lilelile. Na hospitali haikuwa nyumba ya dawa kwanza, ilikuwa mahali pa kumpokea mpita njia."

"Mpaka sasa ni mchanganyiko tu," Siwema akasema. "Sioni ubaya."

"Kuna ndugu mwingine. *Hostis*. Huyu naye mwanzo alikuwa mgeni tu, mtu wa nje, asiye na neno baya."

"Halafu?"

"Halafu Warumi wakapakana na watu wengi. *Hostis* likawa adui." Akatazama huku na huku kabla ya kuendelea. "Nitakwambia na jingine. Waingereza wanalo neno la pili, herufi zilezile nne, matamshi yaleyale, lililotokana na huyo adui. Maana yake ni jeshi."

Siwema alifumba macho. Alikiona kibao juu ya mlango, na chini yake mama yake kitandani, na ndani ya zile herufi nne watu wengi wamejipanga wamekaa kimya, wanangoja kuitwa. Hasira ilimpanda, hasira ya kweli, na ilikuwa juu yake mwenyewe. Mtu anapigilia jeshi mlangoni kwako nawe unamletea chai.

Wakaenda mpaka mtaa ukaisha. Hapakuwa na nyumba tena, wala lango, wala jua la kueleweka. Mwanga tu usiotoka upande wowote. Chini, kwenye mchanga, mtu alikuwa amechora nyota kwa chokaa.

"Huyu ndiye mama yao," Pandu akasema. "Hakuna kati yetu aliyemsikia akisema. Hakuandika, na waliomsikia hawakuandika. Tumemkisia kwa kutazama nyuso za watoto. Huyu ana pua hii, yule wa mbali ana pua hii hii, basi mama alikuwa nayo. Wasomi wakiliandika neno la namna hii hulitangulizia nyota. Nyota maana yake: hatukuwepo."

"Kwa hiyo mnamtolea ushahidi mtu msiyemwona."

"Kwa makini sana, shemeji. Na tunaloliona ni hili: alikuwa neno la wajibu. Mimi nikikupokea leo, kesho wewe utanipokea. Hakuwa mgeni wala mwenyeji, alikuwa kamba iliyo kati yao. Watoto wakatawanyika. Mmoja akaenda kaskazini akawa gesti, mmoja akakaa kwa Warumi akapita kwa Wafaransa akawa hilo la mlangoni kwako. Baada ya maelfu ya miaka wakakutana tena katika kinywa cha Mwingereza, na hawakujuana. Mmoja akamfungulia mwenzake mlango, akamwita mgeni."

Siwema aliinama akaigusa chokaa. Ilikuwa mbichi bado, ikamshika kidoleni. Pale kwenye mchanga, kando ya nyota, palikuwa na nyayo za viatu. Akainua macho taratibu akatazama miguu ya shemeji yake. Viatu vya Pandu vilikuwa vipya, ngozi yake na mshono wake sawasawa na vile vilivyopangwa chini ya kiti.

"Viatu vizuri, shemeji."

Pandu hakujitetea. "Alikuja jana usiku. Nilimpitisha njia hii hii."

"Ukamwambia haya haya?"

"Neno kwa neno. Mkalimani hana upande."

"Hata kwa mke wa ndugu yako?"

Pandu alitazama viatu vyake kama mtu aliyeviona sasa hivi. "Nimekwambia na wewe, sikukuficha," akasema. "Na kuna moja hakuniuliza. Hakuuliza neno letu. Mgeni. Ukienda bara, huko wanasema *mugenyi*, kwingine *mweni*, watu wasiojuana wala kusikilizana, na pua ni ile ile moja. Nalo lina nyota yake, shemeji. Lakini hakuuliza. Alidhani la kwetu halina asili."

Siwema alirudi peke yake. Mtaa ulimkimbilia sasa. Majoho yakawa sare, mawe yakawa mabati, bei za chai zikarudi ukutani. Alitembea akiwaza. Asili ya neno ilikuwa mgeni, mwenyeji na adui, vyote vitatu, na yule mtu alilijua hilo kama yeye. Akisema mgeni, atajibiwa mwenyeji, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Kwa ukweli hashindi. Basi ashinde kwa kitu gani? Neno la nyumbani lilianza kumzunguka kichwani, mgeni, mgeni, kama jina la mtu uliyemsahau sura, na kila lilipozunguka lilikuwa halitembei peke yake. Kulikuwa na kitu kimefungwa nalo, kitu alichokisikia tangu utotoni mpaka masikio yakaacha kukisikia.

Alipofika, jua lilikuwa limepinda. Watu wamekaa kwenye mikeka mbele ya nyumba, Bi Mize katikati. Mlango umefungwa. Yule mwanamume alikuwa ndani.

"Umechelewa," Bi Mize akasema. "Haya, piga hodi, tuanze."

Siwema akasogea mlangoni. Mkono ulikwisha inuka, na neno lilikwisha fika kwenye meno. Lilikuwa neno la adabu, jepesi, la kila siku. Ndipo aliposikia, upande wa pili wa ubao, pumzi ya mtu aliyesimama karibu sana, mtu aliyevuta hewa tayari kujibu. Alikuwa anangoja. Hakuhitaji Warumi wala Wafaransa. Siwema akisema hodi, yeye atasema karibu, na watu wote watasikia nani amemkaribisha nani.

Akaufunga mdomo. Akaushusha mkono.

"Kwangu sipigi hodi," akasema, akausukuma mlango.

Akampita yule mtu bila kumtazama. Akapita ukumbini, akapita chumbani kwa mama, akatoka hadi jikoni uani. Juu, kwenye boriti, palikuwa na jembe la mpini mfupi ambalo halikuwahi kushushwa tangu yeye azaliwe, jeusi kwa moshi. Akalishusha.

Aliporudi mbele, mwanamume alikuwa amekwisha toka nje, anazungumza na watu kwa sauti nzuri. Alikuwa anawaeleza habari za *hospes*, na hoteli, na hospitali, na jinsi Mrumi alivyomwita mwenye kukaribisha. Kila alilosema lilikuwa kweli, na watu walikuwa wanatikisa vichwa kwa kukubali. Siwema alisimama mbele yake akamnyooshea jembe.

"Mgeni siku mbili," akasema.

Na mikeka yote ikajibu, wakubwa kwa wadogo, hata Bi Mize, bila mtu kufikiri: "Ya tatu mpe jembe."

Midomo haina komeo, nilisema. Yule mtu alikuwa amejifunza adabu zetu vizuri kuliko tulivyodhani. Ukinyooshewa kitu na mtu mzima, unakipokea kwa mikono miwili. Akapokea. Mikono ilikwisha shika mpini ndipo uso wake ulipobadilika.

"Amelipokea," Bi Mize akasema polepole.

"Amelipokea," Siwema akasema. "Na mwenyeji hapewi jembe nyumbani kwake. Angelikataa, lipo lile neno lingine la Warumi, muulizeni, analijua."

Hakuna aliyemuuliza. Mtu mmoja alipanda juu ya kinu akaking'oa kibao, misumari ikilia. Siwema alifurahi. Alifurahi mpaka akacheka peke yake na machozi yakamtoka, akaegemea mlango wake kwa mgongo wote.

"Siwema." Ilikuwa sauti ya mama yake kutoka ndani, na ilimwita kwa jina.

"Abee, mama." Akaingia mbio.

"Umempa jembe lipi?"

"Lile la kwenye boriti."

Bi Mafunda akakohoa. "Ndilo alilopewa bibi yako," akasema. "Alipopiga hodi hapa. Siku ya tatu."

Siwema alihisi sakafu inasogea. "Hapa? Alipewa na nani?"

"Na mwenye nyumba."

"Nani huyo, mama? Jina lake?"

Mama alifikiri sana. Vidole vilitembea juu ya shuka kana kwamba vinatafuta kitu kilichoangukia hapo. "Alikuwa mwanamke," akasema. "Bibi yako alisema alimkuta anakuna nazi."

"Jina, mama."

"Hatukulishika jina."

Nje, yule mtu alikuwa anauliza kwa upole shamba ni lipi. Siwema alitoka akamwonyesha, kwa sababu aliyetoa jembe hawezi kunyima udongo. Alimtazama akienda, jembe begani, na kwa mgongo hakuonekana mgeni hata kidogo.

Jua lilipokaribia kuzama alirudi. Jembe lilikuwa na udongo mbichi. Alilipangusa kwenye majani, akaingia moja kwa moja hadi uani. Hakupiga hodi. Viatu alivivua, na Siwema hakutazama ncha zilielekea wapi, kwa kuwa alikuwa anapakua. Alijaza sahani, akaishika, hakumpa.

"Leo ni siku ya tatu," akasema. "Naruhusiwa kukuuliza jina."

"Uliza, mama."

"Lako sina haja nalo. Sema langu."

Mwanamume alimtazama. Alikuwa amelisikia likiitwa mara nyingi katika nyumba ile, lakini hakuwahi kulitia mdomoni. Akalitafuta kwa ulimi.

"Sivema," akasema.

Lilikuwa limepinda kidogo tu, herufi moja. Siwema aliusikia mpindo ule, akaona mtaa wote mrefu mbele yake, nyumba baada ya nyumba, na mwisho wake nyota ya chokaa.

"Siwema," akamsahihisha.

"Sivema."

Akaiweka sahani chini, mbali na mkono wake. Akavuta mkeka, akakaa mbele yake, chakula kikianza kupoa.

"Tena," akasema.